Mji Wetu wa Vigae

Binti wa kaka yangu alikuja kunitembelea Mwingi likizo hii, na ndani ya begi lake akaniletea mchezo kutoka Nairobi. Uko ndani ya sanduku zuri la karatasi ngumu, na humo mna vipande vya mraba vilivyochorwa: hiki barabara, hiki nyumba, hiki soko, hiki mto. Mnaketi mezani, kila mtu anachukua kipande kimoja kwa zamu yake, anakiunganisha na vingine, mpaka mji unatokea. Anayepanga vizuri ndiye anashinda. Mtoto alinitazama kwa huruma, akaniambia, "Shangazi, usijali, nitakufundisha polepole."

Wee! Kunifundisha mimi?

Rafiki yangu, nilimchapa huyo mtoto mchezo wa kwanza, nikamchapa wa pili, na alipoanza kununa nikamwachia wa tatu ili chai inyweke kwa amani. Akauliza nimejulia wapi. Nikamwambia mchezo huu niliucheza kabla babake hajajua kufunga vifungo vya shati, na tuliucheza chini, kwa vumbi, na ulikuwa mgumu kuliko huu wake. Hakuamini. Wewe utaniamini, kwa sababu wewe umekulia chini pia.

Tulikaa kwa ploti moja nyuma ya soko, mimi na nyanya. Ilikuwa safu mbili za vyumba zikitazamana, na katikati uwanja wa udongo ambao kila asubuhi mtu fulani lazima aufagie, na huyo mtu alikuwa mimi. Nyanya aliuza ndengu. Zilikuja kwa magunia kutoka Kyuso, naye akazipeta pale uwanjani huku akiimba nyimbo za kanisa na kuzikatiza katikati ili agombeze kuku. Ukikaa pale ulisikia malori ya Garissa yakishika breki, mbuzi wakilalamika wakipandishwa garini, adhana upande huu na kwaya ikifanya mazoezi upande ule. Muthokoi wa nyanya, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikaa jikoni tangu asubuhi ukichemka taratibu. Na kutoka chumba cha mbele yetu ilikuja harufu ya iliki, kwa sababu hapo alikaa fundi wa vigae, na mke wake alipika mahamri.

Walikuwa watu wa Pwani. Fundi mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, na magoti yake yalikuwa magumu kwa kupiga magoti sakafuni maisha yake yote. Alikuwa na binti mmoja, umri wangu, darasa langu, dawati langu. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alimsimamisha asome, akasoma Kiswahili kile chao cha kuteleza, na mwalimu akatugeukia sisi wengine akauliza, "Sasa nyinyi mnaongeanga nini?" Nilimchukia mpaka wakati wa chakula. Kisha akanigawia hamri lake, nikaona hakuna haja ya kuwa na roho mbaya.

Kando ya mlango wao kulikuwa na rundo. Unajua vigae huvunjika njiani, lori likiruka shimo, na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi walikuwa wakivitupa. Fundi aliviokota vyote. Vile vipande ndivyo alivyopangia baraza za maduka, rangi zote zimechanganyika, na watu walipenda kwa sababu haikuwa ghali na ilipendeza macho. Vingine alituachia sisi watoto, na ili tusikatwe na makali yake, akatusugulia kingo kwa jiwe.

Nani alianzisha mchezo? Mimi. Binti wa fundi atakwambia ni yeye. Usimsikize.

Tulivifunika vigae kwa gunia. Zamu yako ikifika unaingiza mkono chini bila kuangalia, unachomoa kimoja. Cheupe ni nyumba, na unakitia alama yako ya makaa. Chekundu ni duka. Cheusi ni barabara. Cha kahawia ni mto. Unakiweka chini, na lazima kiguse kingine. Duka lisiloguswa na barabara limekufa, hata ukililia. Nyumba yako ikigusa barabara na duka, unapata punje ya ndengu, na nyanya alijifanya haoni punje zake zikipungua. Barabara haivuki mto, kwa hivyo ukimwona mwenzako anajenga kwa raha upande ule, unamtupia mto mbele ya barabara yake, anabaki na nyumba zake porini na fisi. Kwa kazi hiyo mimi nilikuwa hatari. Kuna watoto wa ploti walikataa kucheza wakinikuta nimeketi.

Vita vilikuja siku binti wa fundi alipochomoa kigae cha buluu. Cha buluu kilikuwa adimu, na tulikuwa hatujakipa kazi. Yeye akakiweka kando ya vile vya kahawia, akasema kwa upole, "Na huu ndio mto."

Tulicheka mpaka tukalala chini. Mvulana mmoja akamwuliza, "Mto ya bluu umeonea wapi?"

"Mto ni maji," akasema, "na maji ni ya buluu. Kwani nyie mto wenu una nini?"

"Mchanga!" tukamjibu wote.

Akakasirika. Alisema watu wa huku ni wa ajabu, wanaita mchanga mto. Mimi nikamwambia watu wa kwao ni wa ajabu zaidi, wana maji mengi namna ile na hayanyweki. Tukashikana nywele. Nyanya akapaza sauti kutoka kwa ndengu zake, "Ekai! Acheni! Nikikuja huko nitawachanganya nyote na hiyo takataka!"

Tukaachana, tukabaki tukihema. Na hapo, rafiki yangu, ndipo akili yangu ilipofanya kazi yake nzuri kuliko zote ilizowahi kufanya. Mimi nilikuwa mchota maji. Kiangazi kikikaza, mfereji wa ploti ulikauka, na nyanya alinituma mtoni na mtungi. Unateremka, unachagua mahali, unachimba mchanga kwa bakuli, unangoja, na maji yanapanda yenyewe, safi, baridi. Nilichukua kile kigae cha buluu, nikakilaza chini, na juu yake nikaweka cha kahawia.

"Maji yako hapa," nikasema. "Chini."

Binti wa fundi alikifunua, akakitazama, akakifunika tena. Kisha akasema neno ambalo mtu wa kwao hasemi ovyo: "Nimekubali."

Basi mchezo ukapata moyo. Kila mchezaji alipewa kigae kimoja cha buluu, akakificha chini ya kahawia yoyote aliyotaka huku wengine wamegeuka. Mwisho wa mchezo tunafukua. Nyumba zilizo karibu na kisima chako zinakupa punje maradufu. Lakini sisi ni Wakamba, na kisima cha mchangani kina adabu yake. Aliyechimba ndiye mwenyewe, anakizungushia miiba, mtungi wako hujazi bila ruhusa. Ila mpita njia hanyimwi maji ya kunywa. Kwa hivyo hata nyumba ya adui yako ikigusa kisima chako, naye unampa punje. Sasa fikiria ujanja wa kutafuta mahali pa kuficha maji ambapo wewe utafaidi na mwenzako asifaidi. Huyo binti alijifunza haraka. Ilifika mahali tukawa tunashindana sisi wawili tu na wengine wakitazama, na siku nyingine alinishinda, ingawa si nyingi.

Likizo moja alicheza vibaya siku nzima. Aliweka duka bila barabara, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea hafanyi. Nikamwuliza kama ni mgonjwa.

"Baba hana kazi," akasema. "Akikosa ile ya hoteli, tunahamia Salama. Kwa ami. Shule ikifunguliwa mimi sipo."

Salama! Huko chini kwa barabara kuu, kwenye magari ya Mombasa. Kwangu ilikuwa kama kaniambia anahamia mwezini. Nilikusanya vigae, nikavitia chini ya gunia, na nikamwambia hakuna mahali anaenda. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa.

Kazi ya hoteli ilikuwa hivi. Mzee mmoja, mtu wa Kyuso aliyetajirika kwa mifugo, alikuwa anajenga hoteli kubwa kando ya barabara ya Garissa. Alitaka sakafu ya vipande vya vigae, na katikati, kutoka mlangoni mpaka jikoni, ipite picha ya mto. Ilikuwa kazi ya miezi, na baada yake kulikuwa na vyumba vya kulala vya kupangwa. Mafundi wawili waliitaka: huyu wetu, na mwingine kutoka Kitui mjini. Kila mmoja atengeneze kipande cha mfano, mzee aje kuona.

Fundi wetu aliutengeneza mfano wake pale uwanjani, juu ya ubao mpana. Nikwambie ukweli, sijaona kitu kizuri kama kile. Alitumia kila buluu aliyokuwa nayo, nyeusi nyeusi katikati na nyepesi pembeni, na vipande vyeupe vidogo kama povu. Mkewe alikuja na upawa mkononi, akasimama tu. Hata nyanya aliacha ndengu.

Mzee akaja Jumamosi asubuhi na fimbo yake. Akauzunguka ule ubao. Akakohoa.

"Hii ni bahari," akasema. "Mimi niliitisha mto."

"Mzee, huu ndio mto," fundi akasema.

"Fundi, mimi nimezaliwa kando ya mto. Nimelisha mbuzi huko mpaka nikaota ndevu. Huu siujui." Akaugusa ubao kwa ncha ya fimbo, bila ubaya. "Kesho nikitoka kanisani nitapita tena. Nikikuta ni hii bahari, nitaita yule wa Kitui."

Akaenda. Fundi aliketi kwenye ngazi ya mlango wake, mikono juu ya yale magoti. "Nimepanga sakafu za wakubwa Mombasa," akasema, haongei na mtu, "leo naambiwa sijui mto." Mkewe akaingia ndani, na baada ya muda tukasikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda. Binti wa fundi akanitazama. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Kwetu mtoto hamfundishi fundi kazi yake. Nililijua hilo. Lakini pia nilijua mke wake hununua maji kwa mkokoteni wa punda, na kwamba fundi mwenyewe, tangu ahamie kwetu, hajawahi kuteremka mtoni hata siku moja. Ningekaa vipi nimenyamaza? Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Fundi, mto wetu umewahi kuuona?"

"Nimeuona kutoka darajani. Hauna maji, mwanangu."

"Unayo."

Nyanya, aliyekuwa anasikiliza kila kitu huku akijifanya anachagua mawe, akaingia jikoni akatoka na kata ya kuchotea maji. Akanipa. Akamwambia fundi, "Nenda na yeye, baba. Huyu mtoto ana kelele, lakini hasemi uongo."

Tukateremka watatu, mimi mbele, binti wake nyuma yangu, fundi akifuata na mwiko wake wa kazi mfukoni, maana hakujua kutembea bila huo. Mchanga ulikuwa umewaka. Ulikuwa mpana, una mawimbi madogo ya upepo, na rangi zake, sasa nikiuangalia kwa macho ya fundi, hazikuwa moja. Kulikuwa na kahawia ya chai, na ya ngozi ya mbuzi, na ya mkate, na mahali penye kivuli palikaribia kuwa peusi. Yeye aliziona pia. Aliinama akaokota ukufi wa mchanga, akaumwaga polepole.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anajaza mtungi kwenye kisima chake, miiba imezunguka. Alituona, akasogeza miiba kwa mguu. Fundi akasita. "Si kisima cha mwenyewe hiki?"

"Kunywa hakukatazwi," mama yule akasema. "Nyinyi chimbeni kidogo, yamejificha."

Nilimwonyesha fundi mahali. Akachimba yeye mwenyewe kwa mwiko wake, akiwa amepiga magoti kama kazini. Mchanga mkavu, mchanga mbichi, kisha shimo likaanza kung'aa chini. Maji yakapanda. Nikayachota kwa kata, nikampa. Akanywa yote. Akaniomba tena.

"Loo," akasema. Hilo tu. Njia ya kurudi binti wake alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Jioni ile aling'oa vigae vyote ubaoni. Kila buluu ilitoka. Alichagua vigae vya kahawia kutoka kwa rundo, na vilipopungua tukampa vya mji wetu.

Jumapili mzee akaja na suti ya kanisani na Biblia kwapani. Ploti nzima ilikuwa nje, kila mtu akijifanya ana kazi. Akautazama ubao. Safari hii hakuuzunguka. Alisimama pale pale.

"Sasa huu ni mto," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini fundi, mto bila maji si ni barabara tu?"

Nilitaka kuongea. Nyanya alinikanyaga mguu.

"Mzee," fundi akasema, "inama utoe hicho kigae cha pembeni. Hakijashikwa na simiti."

Mzee akampa nyanya Biblia amshikie. Akapandisha suruali kidogo magotini, akachuchumaa, akakitoa kile kigae. Chini yake palikuwa na buluu. Alikaa hapo amechuchumaa na kigae mkononi, na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akamwambia nyanya kwa Kikamba kwamba mama yake alikuwa anamtuma na kibuyu kabla ya jua kutoka, na akirudi kimejaa mchanga anapigwa.

"Kazi ni yako," akamwambia fundi. "Na maji uyaweke vivyo hivyo. Chini."

"Wateja hawatayaona, mzee."

"Kwani ni yao?"

Binti wa fundi alikimbia ndani, na tukasikia sanduku likirudishwa chini ya kitanda kwa teke. Nyanya alianza wimbo wa kanisa, na mke wa fundi, Mwislamu yule, alipiga vigelegele katikati ya wimbo. Siku hiyo muthokoi na mahamri vililiwa kwa sahani moja, na sikuona mtu akilalamika.

Lakini sakafu ya hoteli ilikuwa kubwa. Ploti ilifanya mwethya, kama watu wanavyosaidiana kulima shamba la mwenzao: kila mtu na karai lake, tukichagua vigae kwa rangi, nyanya akiwapikia wote. Rundo likaisha. Gunia letu likafunuliwa pia, na mji wetu ukachotwa kwa koleo, nyumba zangu zenye alama ya makaa, maduka, barabara, vyote. Nililia, ndiyo, kwa hasira na kwa furaha pamoja, na mtu akikwambia hayo mawili hayachanganyiki ujue hajawahi kupoteza kitu kizuri kwa sababu nzuri. Shule ilipofunguliwa dawati langu lilikuwa na watu wawili. Hatukuwahi kucheza tena. Tulikaa pale uwanjani patupu, tukipiga domo.

Tulimaliza shule pamoja. Baadaye binti wa fundi akaolewa, na dunia ina mzaha wake, akaolewa Salama. Fundi ametangulia, na nyanya, na mzee wa hoteli. Hoteli ipo, lakini aliyeinunua aliweka juu vigae vipya vikubwa vinavyong'aa, unajiona uso ukitembea. Penye uwanja wetu pana jengo la ghorofa. Mji umekua, na mimi si mtu wa kulilia maendeleo. Nina duka langu kwenye ghorofa hiyo hiyo, na linaenda vizuri.

Mwaka jana yule binti wa fundi alikuja kunitembelea na binti yake mdogo, anayeniita khalati, yaani mama mdogo. Njia yote kutoka Salama alikuwa amemsimulia: kuna mto wa mchanga, unachimba kwa mkono wako, maji yanapanda, unakunywa. Mtoto alikuwa ameleta kikombe chake cha plastiki, cha manjano. Hata chai alikataa. Alitaka mto kwanza.

Tukateremka watatu, mimi mbele kama kawaida yangu, nikijigamba kwamba nitamwonyesha mahali pazuri kuliko pote. Tukafika.

Mchanga haukuwepo. Nilikuwa nimeyaona malori miaka yote yakipita mbele ya duka langu yamejaa, yakienda kujenga huku na kule, na hakuna nyumba hapa mjini, hata yangu, isiyo na mchanga ule ukutani. Lakini sikuwa nimeteremka. Kulikuwa na mwamba mtupu, na udongo uliopasuka, na tairi moja kuukuu.

Mtoto aliruka juu ya mwamba, akachuchumaa na kikombe chake, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akaniinulia macho.

"Khalati, nichimbe wapi?"

Nilimshika mkono.

Tulipanda tukarudi mjini, na kwenye duka la kwanza nikamnunulia maji ya chupa. Aliyamimina ndani ya kikombe chake, akanywa yote, akasema ahsante.